Diwani Anayetaka Ubunge: Jinsi ya Kupanda Ngazi Bila Kuiangusha Kata Uliyoishika

Kigoma mtu hatangazi nia kwa mdomo, anaitangaza kwa misiba. Diwani akianza kuonekana kwenye misiba ya kata zisizo zake, tena kakaa mkekani mbele karibu na shehe, na rambirambi katoa mara mbili ya wenyeji, vijiwe vya kahawa vya Ujiji vinakuwa vimeshamalizana naye: huyu anautaka ubunge. Mimi pia nilimalizwa hivyo. Nilikuwa diwani muhula mmoja, nikatia nia nikiwa bado natumikia kata, nikaangushwa kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea. Mpaka leo nikipita mwalo wa Kibirizi kuna mama muuza dagaa ananiita "mheshimiwa boma". Hilo jina nitalieleza mbele.

Tangu hapo nimekaa na watia nia kadhaa, wengine madiwani, wengine wenyeviti wa mitaa na vijiji wanaoutaka udiwani. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ninaoufuata. Mtendaji wa kata au wa kijiji anaweza kusoma, ila ajue mlango wake ni mwingine. Yeye ni mwajiriwa, hakuchaguliwa, na Ibara ya 72 ya Katiba ina neno kali kwa watumishi wa Serikali wenye madaraka wanaoamua kugombea: utumishi unahesabiwa umekoma. Aanze na mwajiri wake kabla hajaanza na wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni.

Hatua ya kwanza: jua kiti chako kinaisha lini

Wengi hawajui. Wanasema "miaka mitano" halafu basi. Lakini ngazi za chini zina kalenda mbili. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024. Madiwani, wabunge na Rais walichaguliwa Oktoba 29, 2025. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa aliyetaka udiwani alikuwa na miezi kumi na moja tu kitini siku kura ya kiti kingine ilipopigwa. Ukienda kwa mtu uliyemwomba kura juzi ukamwomba tena ya juu zaidi, atakuuliza ya kwanza umeifanyia nini. Swali hilo utalijibu kwa vitu vya kushikika, kama huna kaa kitini kwanza.

Diwani yeye, katika mwaka wa uchaguzi mkuu, hahitaji kuumiza kichwa kama ajiuzulu. Kiti kinamtoka chenyewe. Mwaka 2025 mabaraza ya madiwani yalivunjwa mwezi Juni, CCM ikaanza kutoa fomu Juni 28 hadi Julai 2, kura za maoni zikapigwa Agosti 4, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikafanya uteuzi Agosti 27. Yaani kati ya kuvunjwa kwa baraza na uteuzi kuna zaidi ya miezi miwili ambayo wewe si diwani wala si mgombea. Halmashauri inabaki mikononi mwa mkurugenzi na wataalamu wake. Simu zako zinaanza kupokelewa kwa kuchelewa. Jiandae kwa huo upweke, maana watu wengi hufanya upumbavu wao wote ndani ya miezi hiyo.

Hali tofauti ni uchaguzi mdogo, na mkoa wetu unaujua vizuri. Agosti 2018 Buyungu walipiga kura baada ya kifo cha mbunge wao, Kasuku Bilago. Machi 2021 mbunge wa Buhigwe, Philip Mpango, akawa Makamu wa Rais, na Mei 16 mwaka huo Buhigwe na Muhambwe zikapiga kura siku moja. Hapo diwani anayetaka jimbo yupo katikati ya muhula, kata inamdai. Ukishinda unaingia barazani kwa kiti cha ubunge, na kata yako inatafuta mtu mwingine. Kabla hujagusa fomu ya uchaguzi mdogo, mwandikie barua katibu wa chama wilayani na msimamizi wa uchaguzi, uulize kiti chako kitakuwa katika hali gani tangu siku ya uteuzi. Uombe jibu lenye saini na muhuri. Jibu la "hakuna tatizo mheshimiwa" lililotolewa kwenye korido halitakusaidia siku ya pingamizi.

Hatua ya pili: sifa, na neno kuhusu uraia

Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe raia, awe na umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi bado hayupo, licha ya kesi ya Mchungaji Mtikila kufika hadi Mahakama ya Afrika na kupata hukumu mwaka 2013. Ukikatwa na chama chako, njia pekee ni chama kingine, na diwani anayehama chama akiwa kitini anakipoteza kiti. Tuliliona wimbi la madiwani wa upinzani waliojiuzulu na kuhamia CCM "kuunga mkono juhudi" za Rais wa wakati ule. Novemba 26, 2017 kata 43 nchini zikaingia uchaguzi mdogo. Waliohama siwahukumu wote, lakini ukihama katikati ya muhula ujue watu wa kata wanaandika.

Uraia ndio mahali pa kukaa. Mtu wa Morogoro anaweza kuipita aya hii, wa Kigoma asiipite. Tumepakana na Burundi na Kongo ng'ambo ya ziwa, majina yetu yanafanana, bibi zetu waliolewa pande zote. Umekuwa diwani miaka mitano na hakuna aliyekuuliza babu yako alizaliwa wapi. Utakapotaka jimbo watauliza, tena atakayeuliza anaweza kuwa mliyesoma naye darasa moja. Kwa hiyo mapema, si wiki ya uteuzi, kusanya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, na chochote cha wazazi: vyeti vyao, kadi za zamani za chama, stakabadhi za kodi, majina ya wazee wa kijiji wanaoweza kuapa. Angalia majina yameandikwa sawa kila mahali. Kama cheti cha shule kinasema Ramadhani na kitambulisho kinasema Ramadhan, nenda kwa wakili ukarekebishe sasa.

Kama wazazi wako walipewa uraia wa Tanzania, kama ilivyokuwa kwa zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi wa mwaka 1972, wengi wao wa makazi ya Ulyankulu kule Tabora na Katumba na Mishamo kule Katavi, hati hiyo itunze kama yai. Usiifiche. Aliyenayo na kuionyesha mapema hana cha kuchimbiwa.

Hatua ya tatu: kata kwanza, na habari ya boma

Sasa jina langu. Wananchi wa mtaa mmoja katani kwangu walijenga kwa nguvu zao kuta za madarasa mawili. Boma likasimama, likangoja bati. Kazi yangu ilikuwa kulisukuma barazani liingie kwenye bajeti, nimfuate mhandisi, nilete taarifa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Lakini mwaka ule nilikuwa nimeshaanza safari za jimbo. Robo ya kwanza kikao cha kamati sikukiitisha. Robo ya pili nikakiahirisha kwa simu nikiwa mnadani kwenye kata ya mtu mwingine. Masika ikaja, ukuta mmoja ukalala. Siku ya kujieleza mbele ya wajumbe, mpinzani wangu hakusema neno. Kijana wake alipitisha simu mkono kwa mkono, yenye picha ya boma.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kiti ulichonacho ndicho kampeni yako yote. Mikutano kumi ya jimbo haifuti boma moja.

Fanya hivi basi. Tafuta daftari gumu, andika kila ahadi uliyotoa tangu ulipoapishwa, tarehe na mahali. Mbele ya kila moja andika ilipofikia: imekwisha, ipo kwenye bajeti, imekwama kwa nani, au uliahidi kisichowezekana. Hizi za mwisho ndizo ngumu. Kwa Kigoma mfano ninaoutumia ni ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kuna viongozi wa kata waliokwenda mialoni kuahidi kwamba watalifungua. Diwani hafungui ziwa. Anachoweza ni kupeleka barazani hoja ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa, kuuliza shughuli mbadala zimefikia wapi, na kurudi mwaloni kusoma majibu hata kama ni mabaya. Rudi kwa watu useme, "hili niliwaahidi nikakosea." Wanakasirika siku moja. Usiporudi wanakasirika mpaka siku ya kura.

Vikao vya baraza usivikose. Sheria za halmashauri zinaruhusu diwani kupoteza kiti akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa, na hata ukikosa miwili tu, muhtasari unabaki na jina lako kwenye safu ya wasiohudhuria. Mihutasari hiyo watu wanaisoma. Kwa mwenyekiti wa kijiji hesabu ni ile ile: mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe hadharani. Mwenyekiti anayetaka udiwani na hajasoma mapato kwa mwaka mzima ni kama anayeomba mkopo wa pili kabla hajarejesha wa kwanza.

Na mikopo yenyewe, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Iliposimamishwa mwaka 2023 na kurudi kwa utaratibu mpya, Kigoma Ujiji iliwekwa miongoni mwa halmashauri kumi za majaribio ya kutoa kupitia benki. Kishawishi cha mtia nia ni kuvigeuza vikundi kuwa matawi yake: kikundi hiki kimepata kwa sababu yangu, kile hakikupata kwa sababu hakinipendi. Usithubutu. Kikundi kikishindwa kurejesha utaandikwa wewe, na walionyimwa wana ndugu katika kata zote za jimbo.

Jambo la mwisho hapa lina tarehe. Diwani ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995. Tamko la mali na madeni linapelekwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla ya Desemba 31, na tena unapoondoka madarakani. Hili la mwisho madiwani wengi hulisahau mabaraza yakivunjwa, kwa sababu akili zote zipo kwenye fomu za chama. Bakisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya nne: kulijua jimbo bila kujipitisha

Kwanza jua jimbo lako linaishia wapi, maana kwetu majina yanachanganya. Halmashauri ya Uvinza ni jimbo la Kigoma Kusini, Kibondo ni Muhambwe, na Kakonko iliitwa jimbo la Buyungu mpaka 2025. Kigoma Mjini ni manispaa yenye kata 19, na anayeishi Mwanga anaweza kumaliza muhula mzima bila kufika kata ya Kagera.

Kujipitisha, yaani kujipigia kampeni kabla ya wakati, ni kosa ndani ya vyama karibu vyote, na ni kosa linalothibitika kirahisi: kadi za mialiko, fulana, kalenda yenye picha yako kubwa kuliko tarehe. Lakini kulijua jimbo si kujipitisha. Wewe ni mjumbe wa kamati za halmashauri, na kamati hizo hukagua miradi kata zote. Nenda kila ziara. Kaa nyuma, sikiliza, andika. Zahanati ipi haina mganga, barabara ipi inakatika masika, soko lipi ushuru wake unalalamikiwa. Kata za wenzako uingie na diwani wao, umpigie simu kabla, na mkifika yeye ndiye azungumze. Diwani uliyemheshimu kwenye kata yake hata asipokupigia debe hatakuchimba.

Misiba nenda kwa unayemjua. Rambirambi toa kiasi unachotoa siku zote.

Hatua ya tano: pesa

Hapa nitasema machache lakini yote ni mazito. Takrima, ule "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, haipo, Mahakama Kuu ilivitupa vifungu vyake mwaka 2006. Kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inayotaka mgombea aonyeshe pesa inatoka wapi na inakwenda wapi, na kuna TAKUKURU ambao msimu wa kura za maoni hawalali. Fungua daftari la fedha tangu siku ya kwanza, na awepo mtu mmoja tu wa kushika pesa, asiwe mkeo au mumeo. Fedha za kata, gari la halmashauri na mafuta yake, ofisi ya mtendaji na mashine yake ya kuchapa usiviguse hata kwa dharura. Ahadi za wapambe zikate mapema. Wapambe ndio watakaokumaliza, si wapinzani: kila mmoja ana "watu wangu hamsini" na hao hamsini wana chai.

Usiuze shamba. Nimeona watu wakiuza viwanja vya Gungu kwa ajili ya kura za maoni za siku moja.

Hatua ya sita: chama

Tangu 2020 nchi nzima inajua msemo wa "wajumbe si watu wazuri". Nimeshakuwa pande zote mbili, mjumbe na mwombaji, nami naona wajumbe ni watu wa kawaida walioahidiwa mengi na wengi. Anayekuambia "kura yangu unayo" amewaambia wanne. Hesabu yako ianze na wale waliokupinga waziwazi, ukajua ni wangapi, halafu wanaokwepa macho, kisha ndipo waliokukumbatia, na hao uwagawanye kwa mbili.

Taratibu za ndani hubadilika hata dakika za mwisho. Mwaka 2025 CCM ilifanya mkutano mkuu maalumu Julai 26, siku chache kabla ya kura za maoni, ikabadili katiba yake kuruhusu majina zaidi ya matatu kurudi kwa wapiga kura. Aliyekuwa amepanga mkakati kwa hesabu ya majina matatu alibaki anahema. Vyama vingine navyo vina kanuni zao, na huku kwetu, ambako ACT-Wazalendo iliwahi kuongoza baraza la manispaa baada ya 2015, mchujo wa upinzani nao una moto wake. Kuwa na nakala ya katiba na kanuni za uchaguzi za chama chako, toleo la mwaka huo, na uisome mwenyewe.

Halafu amua: udiwani au ubunge. Usiombe mtu akuchukulie fomu ya kata "kwa tahadhari" huku ukiwa unazunguka jimboni. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa yataponyoka yote, kwa sababu kata itasikia wewe huna uhakika na jimbo litasikia hilo hilo.

Hatua ya saba: fomu ya Tume

Chama kikishakupendekeza, kazi inakuwa ya karatasi, na karatasi zimeangusha wengi kuliko kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 uliacha maelfu ya watu nje kwa madai ya kujaza fomu vibaya.

Fomu ya ubunge ni Namba 8B, ya udiwani ni 8C. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha kupiga kura ndani ya jimbo; wa udiwani wasiopungua 10 ndani ya kata. Wewe tafuta 40. Hapa pana mtego ambao wenyeviti wa mitaa huuingia kila mara: orodha ya wapiga kura wa mtaa, ile iliyoandikwa Oktoba 2024, si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Daftari la Kudumu ni lile ambalo uboreshaji wake ulizinduliwa hapa hapa Kigoma Julai 20, 2024. Mdhamini anaweza kuwa jirani yako wa miaka ishirini na bado kadi yake ikawa ya Kasulu. Shika kadi ya kila mdhamini mkononi, nakili namba mwenyewe, linganisha na daftari.

Kuna tamko la kuapa mbele ya hakimu, picha, saini na muhuri wa chama, na dhamana ya fedha, ambayo kwa ubunge imekuwa shilingi 50,000 na kwa udiwani 5,000. Lipia mapema, risiti itolee nakala tatu. Fomu jaza seti mbili. Rudisha siku moja au mbili kabla, maana siku ya uteuzi mlango unafungwa saa 10:00 jioni na foleni haina mheshimiwa. Mtu mwingine aisome kwa sauti kabla hujaikabidhi, neno kwa neno. Mimi humtumia mwalimu mstaafu anayefurahia kukosoa. Pingamizi linaweza kuwekwa mpaka saa 10:00 jioni ya siku inayofuata, hivyo siku hiyo usiende kusherehekea. Kaa karibu na ofisi ya msimamizi ukiwa na begi la vyeti vyako.

Kampeni

Nitapita haraka, hili watu wanalijua. Maadili ya Uchaguzi yanaruhusu mikutano kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Mawakala wachague mapema, waape kwa wakati, na kila mmoja aelekezwe asiondoke kituoni bila nakala ya Fomu Namba 21B, ya matokeo ya ubunge. Namba za mawakala wote ziwe kwenye karatasi. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa, na waliokuwa na orodha zao kwenye makundi ya WhatsApp walibaki wanatazama skrini.

Makabidhiano

Fanya haya kabla baraza halijavunjwa, ukiwa bado na uso wa diwani. Mwite mtendaji wa kata, mkae na mihutasari, orodha ya miradi, michango ya wananchi na risiti zake, vikundi vya mikopo na hali ya marejesho. Andikeni ukurasa mmoja au miwili, msaini wote wawili, nakala moja ibaki ofisini, moja ibaki kwako, moja umpe mwenyekiti wa kila mtaa. Kila mradi uliokwama uandikwe umekwama wapi na barua ya mwisho ilikwenda kwa nani.

Mimi sikuandika. Diwani aliyenifuata alinipigia simu mwezi wake wa pili kuuliza faili la madarasa lilipo. Tulilitafuta pamoja siku nzima, tukalikuta kwenye begi nililokuwa nabebea fulana. Bati lilipigwa mwaka uliofuata. Siku ya ufunguzi sikualikwa, nikaenda tu, nikasimama nyuma na wazazi, na yule mama wa dagaa akanisogezea kiti.